Migongo ya Waashi wa Saint-Aurèle

Sylvain Mazeyrat alirudi kwetu Saint-Aurèle mwezi wa Novemba, mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha, kuja kumzika mama yake. Alishuka kwenye garimoshi na sanduku dogo na koti jembamba la mjini, mvua inanyesha kama inavyonyesha kwetu mwezi huo, bila haraka na bila nia ya kuacha. Dada yake Honorine, aliyekwenda kumpokea, alimkagua tangu viatu mpaka kofia.

"Umekuja kuzika au kuzikwa?" akamwuliza. "Vua hicho kitambaa, vaa hili."

Akamvika koti la sufu la marehemu baba yao palepale stesheni, mbele ya watu. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watu. Jina langu ni Noémie Tixier. Nyumba yetu inatazamana na ya akina Mazeyrat, ng'ambo ya njia, na wakati huo nilikuwa mfumaji wa mazulia ya kutundikwa ukutani katika karakana ya Bibi Dessagne, kule chini kando ya mto Creuse. Nasimulia habari za Sylvain kwa sababu niliziona, na kwa sababu wageni wanaokuja siku hizi kuuliza juu yake huambiwa mambo mengi na watu ambao wakati ule walikuwa hawajazaliwa.

Baba yake alikuwa mwashi, kama baba zetu karibu wote. Mashamba yetu ni mawe na nyasi, hayakutosha kulisha nyumba. Basi kila mwezi wa Machi wanaume walibeba vifurushi vyao wakaenda Paris kujenga, wakarudi karibu na Krismasi wamekonda, mikono imepasuka kwa chokaa. Sylvain alipopata ubarobaro, baba yake alimchukua akakoroge chokaa. Huko ndiko alikoanza kuchora. Alichora kwa msumari kwenye plasta mbichi, nyuso za wenzake kazini. Msimamizi akamnasa kibao kwa kuharibu ukuta, kisha akawaita wengine waje waone kabla haujapigwa upya. Jioni akawa anakwenda kwenye shule ya kuchora iliyofundisha watoto wa mafundi bila malipo. Baba yake alikubali, akidhani mwashi anayejua kuchora atapewa usimamizi. Kijana alichora, akachora, hadi uashi akausahau.

Kwa miaka zaidi ya ishirini aliishi kwa brashi. Hakuwa mtu wa kutajwa redioni, lakini hakuwa wa kudharauliwa. Picha zake ziliwekwa dirishani kwenye duka moja la picha karibu na mto Seine, na gazeti lilipata kuandika kwamba Mazeyrat ana buluu isiyopatikana kwa mwingine. Honorine alikikata kipande hicho cha gazeti, akakibandika ndani ya kabati la mkate, akawa anawasomea watu waliokuja kununua jibini ya mbuzi wake. Picha moja aliyoletewa zawadi na Sylvain aliitundika nyuma ya mlango wa jikoni, ili isipate moshi. Na kweli haikupata moshi.

Siku ya maziko, watu walipokwisha kula pai ya viazi na kunywa mvinyo wa tufaha na kuaga, nilibaki kumsaidia Honorine kuosha vyombo. Sylvain alikwenda akaufunga mlango wa jikoni, akasimama mbele ya picha yake. Unyevu ulikuwa umeipasua pembeni.

"Honorine," akasema, "hii picha huwa unaitazama?"

"Mlango ukifungwa."

"Na huufunga lini?"

"Kukiwa na baridi."

"Na kukiwa na baridi humu ndani mna mwanga?"

"Mwanga utoke wapi? Ni giza tupu."

Sylvain akacheka mpaka akashika meza, na sisi tukacheka naye, ingawa tulikuwa tumetoka makaburini. Lakini baada ya kucheka aliendelea kuitazama ile picha, na mlango hakuufungua.

Kesho yake alikuja karakanani kutushukuru kwa mashada ya maua. Hali yetu ilikuwa mbaya siku hizo. Vitanda vya kufumia vilikuwa vingi, lakini karibu vyote vilifunikwa mashuka kama samani za nyumba iliyohamwa. Kilichofanya kazi ni kimoja. Mimi na mwenzangu Adèle tulikuwa tumekalia benchi, vifua vimeegemea boriti, miguu kwenye vikanyagio, tunafuma kasuku na mawaridi kwa ajili ya viti vya tajiri mmoja wa Lyon. Sylvain alivuta kigoda akakaa karibu nasi. Alidhani atakaa kidogo. Kengele ya saa sita ikalia, tukaenda kula, tukarudi, yupo.

"Mnafumia upande wa nyuma," akasema.

"Siku zote," Adèle akamjibu. "Mbele hutazama chini, kwenye mchoro uliolazwa chini ya nyuzi. Tukitaka kuona, tunapenyeza kioo."

"Na zulia zima mnaliona lini?"

"Likikatwa kutoka kwenye kitanda. Kabla ya hapo linaviringishwa tu kadiri tunavyokwenda."

Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Garimoshi lake likaondoka bila yeye. Jioni moja nilipokuwa natoka alinifuata njiani, amevaa lile koti la baba yake, akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Noémie, baba alijenga na wenzake. Ukuta ukisimama, kila mmoja alikuwa anajua jiwe lake liko wapi. Mimi nimekaa chumbani peke yangu miaka yote hii na rangi zangu, na nikimaliza picha sina hata mtu wa kumpa mkono. Nataka kuchora kwa ajili yenu."

"Kwa ajili yetu kivipi?"

"Nichore, mfume."

Nikamwambia akalale, amechoka na msiba.

Hakuwa amechoka. Alikwenda Paris kufungasha vitu vyake, akarudi kabla ya theluji, akahamia chumba cha juu cha nyumba yao. Honorine alimpokea kwa namna yake. "Watu hutoka hapa kwenda Paris kutafuta. Wewe unatoka Paris kuja hapa kutafuta nini, mbuzi?" Lakini niliona amekwisha kukisafisha chumba, na dirisha amelitia kioo kipya.

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa mto wetu unapofurika. Aliutandaza sakafuni karakanani, mkubwa kama zulia litakavyokuwa, na ndani yake hamkuwa na ua hata moja. Maji ya buluu na meusi, magogo, kondoo mmoja amesimama juu ya jiwe. Tena alitumia rangi chache mno, kumi na moja tu, kila moja imepewa namba, na alitaka tufume kwa uzi mnene, ambao alituletea kipande chake. Bibi Dessagne, mjane aliyerithi karakana kwa mumewe, alivaa miwani, akaivua. Kisha akamwita Mzee Léonard Aucouturier.

Mzee Léonard ndiye alikuwa mkuu wa wafumaji. Mtu mrefu, mkavu, sharubu nyeupe, anayevaa tai hata siku za kazi. Waridi alilolifuma yeye lilikuwa na waridi ndani ya waridi. Unaweza kuhesabu vivuli vya rangi ukachoka. Aliuzunguka ule mchoro polepole, mikono nyuma.

"Uzi huu ni wa nini?" akauliza.

"Wa zulia, mzee," Sylvain akajibu.

"Mimi nilidhani ni wa magunia." Akamgeukia Bibi Dessagne. "Bibi, mimi nimekaa kwenye benchi hili tangu nilipokuwa sijaota ndevu. Sikujifunza kazi hii nije kufuma magunia ya viazi. Kama ni amri, nitakwenda kupalilia bustani yangu."

"Si amri, mzee," akasema Sylvain. "Lakini nikuulize. Zulia lako la mwisho ulilifuma muda gani?"

"Miaka miwili kasoro."

"Na sasa liko wapi?"

Wote tulijua. Lilikuwa kwenye kabati la Bibi Dessagne, limekunjwa, halina mnunuzi.

Sylvain aliishia hapo. Nilimpenda kwa hilo. Bibi Dessagne akaamua kwamba vitanda vimelala bure, basi kimoja kiamke. Mzee Léonard akachukua kofia yake akaondoka, na mimi na Adèle tukakaa.

Sitadanganya kwamba niliipenda kazi ile siku ya kwanza. Uzi mnene uliuma vidole, na mkono uliozoea kwenda kwa hatua za panya ulitakiwa kutembea kama mtu anayevuka shamba. Lakini baada ya majuma kidogo nilianza kuhisi kitu. Kazi ilikuwa inakua. Jioni nilipoinuka niliona nilichofanya tangu asubuhi, na maji yale, nilipoyatazama kwa kioo, yalikuwa yanakwenda. Adèle, ambaye hasifii kitu, aliniambia, "Noémie, huyu kondoo atazama, nina wasiwasi naye." Nikajua na yeye amenaswa.

Taabu ilikuwa Sylvain mwenyewe. Alikuja kila siku akakaa kwenye kigoda kile, akitikisa goti.

"Bwana Mazeyrat," Adèle akamwambia mwishowe, "una ndoana?"

"Ninayo."

"Basi nenda kavue samaki. Ukiendelea kunipumulia shingoni nitamfuma kondoo mwenye miguu mitano."

Akaenda kuvua. Hakupata samaki, lakini sisi tulipata nafasi.

Zulia la mto lilinunuliwa na hoteli moja ya Limoges mara tu lilipokatwa, na baada ya hapo hoteli nyingine ikataka lake, na kampuni ya meli ikataka mawili. Mashuka yakaanza kutolewa kwenye vitanda. Wasichana waliokuwa wamekwenda kutumika majumbani kwa watu huko mijini wakaitwa warudi. Mzee Léonard alikuwa anapita nje ya dirisha akienda bustanini kwake na jembe begani, na kila akipita anapunguza mwendo. Hakuingia.

Ndipo likaja jambo la ukumbi.

Mji ulikuwa umejenga ukumbi mpya wa mikutano, na ukuta wa mbele ulikuwa mtupu. Halmashauri ikaafikiana kwamba patundikwe zulia, na kazi apewe mtoto wa hapa. Meya wetu, Bwana Peyronnet mwenye duka la dawa, alikuwa na picha yake kichwani: kasri, miti, ndege wa aina aina, kama mazulia ya zamani. Mkutano ulikuwa wazi kwa kila mtu, na sisi wafumaji tulikwenda, tukakaa mabenchi ya nyuma pamoja na wajane ambao huja mikutanoni wakati wa baridi kwa sababu pana jiko la makaa.

Sylvain alibandika mchoro wake mdogo ukutani. Palikuwa na njia inayopanda, mawingu ya mwezi wa Machi, na wanaume saba wanakwenda, vifurushi begani. Wote walikuwa wametupa mgongo.

Meya alisogea karibu. "Hawa ni nani?"

"Waashi. Asubuhi ya kuondoka, kwenda stesheni."

"Nyuso zao ziko wapi?"

"Upande wa pili."

Watu wakacheka. Meya hakucheka. "Bwana Mazeyrat, mji huu unataka kitu cha kujivunia. Mgeni akiingia, nimwonyeshe nini? Migongo?"

Sylvain alikuwa na desturi ya kukuna sikio akitafuta maneno. Akalikuna. "Bwana Meya, baba yangu nilikuwa naye miezi mitatu kwa mwaka, na miezi hiyo mitatu alikuwa amelala au anakata kuni. Uso wake naukumbuka kwa shida. Lakini mgongo wake, hata mtu akiniamsha usingizini sasa hivi, nitauchora. Mama alikuwa anatupeleka mpaka pale kwenye msalaba wa mawe, tunasimama, tunautazama mpaka unapotea. Nilitaka kuwachora nyuso. Nilijaribu. Nikawa natunga uongo. Nilichokiona ni hiki."

Kisha kwenye benchi letu Mama Chabrol, mjane wa Eugène Chabrol, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akisema neno mkutanoni, akasema bila kuinuka, "Eugène wangu hakugeuka hata mwaka mmoja. Alisema akigeuka hatakwenda."

Nilimwona Bwana Peyronnet akifuta miwani yake. Baba yake naye alikuwa mwashi, ingawa yeye alikuwa na duka la dawa na uashi wa baba yake hakupenda kuutaja sana. Alifuta miwani muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani. "Tupige kura," akasema. Mikono ikainuka, wa kwake ukiwa wa kwanza.

Mchoro mkubwa ulipotandazwa karakanani, ulijaza sakafu nzima, ikabidi tutembee na soksi. Siku hiyo mlango ulifunguliwa, akaingia Mzee Léonard, tai shingoni. Akavua viatu vyake vya mti, akaviweka sawasawa kando ya mlango, akaanza kuzunguka kama alivyozunguka safari ile. Alipofika kwa mwashi wa tano alisimama. Huyo bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka chini ya la kulia.

"Huyu umemtoa wapi?" akauliza.

"Ni mmoja wa waliokwenda na baba. Jina lake silijui, mzee. Nakumbuka bega tu."

"Baba yangu alikuwa na bega kama hilo."

"Wote waliobeba beseni la chokaa wanalo."

"Najua," mzee akasema. "Alianguka kutoka kwenye jukwaa la kujengea huko Paris, wakamzika hukohuko. Mimi nilikuwa na miaka tisa." Aliendelea kutazama chini. "Huyu nitamfuma mimi. Mwingine asimguse."

Sylvain akainamisha kichwa. "Ni wako, mzee."

"Lakini bega hilo linataka kijivu kingine. Kati ya hiki chako cha sita na hiki cha saba."

"Sina kijivu kingine."

"Mtia rangi atakitengeneza kwa siku moja."

"Mzee Léonard, rangi ni kumi na moja."

"Nakuomba moja."

"Sikupi."

Walitazamana. Mimi nilidhani mzee atavaa viatu vyake. Nikaona sharubu zinacheza. "Kichwa kama cha baba yako," akasema. "Yeye naye alikuwa hivyo, huwezi kumwambia ukuta umepinda." Akaenda kwenye benchi, akalipangusa kwa leso, akakaa.

Tulifuma majira yote ya baridi na ya kuchipua na kiangazi. Zulia refu namna hiyo hufumwa kwa ubavu, kwa hiyo waashi wetu walizaliwa wamelala, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliyekamilika aliviringishwa gizani na hatukumwona tena. Mzee Léonard alipofika kwenye bega lake, alifanya kitu ambacho nilikuwa sijakiona. Alichukua kijivu cha sita na cha saba, akavisokota pamoja kwenye kijiti kimoja, nyuzi mbili kwa wakati mmoja, akafuma nazo. Sylvain alisimama nyuma yake, akaona kila kitu. Mzee hakugeuka.

"Rangi bado ni kumi na moja," akasema.

"Nimeona," Sylvain akajibu. "Na mwashi wako ni mzuri kuliko wa kwangu." Akatoka nje akawasha kiko, akarudi anavuta makamasi kama mtu mwenye mafua.

Tulipofika mwisho, kwenye pindo la chini la kulia, Sylvain alileta karatasi yenye majina. Lake, na chini yake Léonard Aucouturier, Adèle Bourliaud, Noémie Tixier, na wenzetu wengine watatu. Bibi Dessagne alishtuka kidogo. Desturi ni alama ya karakana na sahihi ya mchoraji, basi.

"Jina la mfumaji halikai mbele, Bwana Mazeyrat. Haijapata kuwa."

"Basi la kwangu nalo litoke. Libaki zulia tu."

"Wanunuzi wanataka jina lako."

"Mnunuzi wa hili ni mji, na mji unawajua hawa wote."

Bibi Dessagne alikubali, tena mwishowe alifurahi, maana siku hizi akihojiwa husema lilikuwa wazo lake. Mimi nililifuma jina langu kwa mkono wangu, kinyumenyume na kwa ubavu, herufi baada ya herufi, na nilipopenyeza kioo chini nikaliona limesimama sawasawa, nililazimika kujidai natafuta kijiti kilichoanguka.

Siku ya kukata, karakana haikutosha. Watu walisimama mpaka ngazini na mpaka mtoni. Desturi ni mchoraji akate nyuzi za kwanza. Sylvain alichukua mkasi akampa Mama Chabrol, na Mama Chabrol akakata, akampa mwanamke aliyekuwa karibu naye, na hivyo mkasi ukapita mikononi mwa wajane na mabinti wote wa waashi, hadi zulia likaanguka. Tukalibeba sisi wafumaji, tukaligeuza, tukalitandaza.

Walikuwa wakubwa kama watu. Walikuwa wanakwenda.

Kisha Mama Chabrol akanyoosha kidole. "Yule wa tatu ni Eugène."

"Wa tatu?" akasema binti wa Dupic mwashi, mke wa mwoka mikate. "Mama, wa tatu ni baba. Eugène alikuwa mfupi."

"Mfupi nani? Umemjulia wapi wewe, ulikuwa mtoto wa kunyonya."

"Nilikuwa na miaka saba, na kile kifurushi alikifunga mama yangu. Tazama fundo."

"Fundo hilo ni langu."

Wakamgeukia Sylvain, awaamue. Akakuna sikio. "Wa tatu ni wenu nyote wawili," akasema. "Mchukueni kwa zamu." Kicheko kilichopigwa hapo kiliwafanya walio nje waulize kuna nini. Na kila mtu akaanza kutafuta wake, na kila mtu akampata, hata wale ambao baba zao walikuwa wafinyanzi. Mzee Léonard alikuwa amesimama peke yake mbele ya mwashi wa tano, kofia mkononi. Hakuna aliyemsogelea, na hakuna aliyedai kwamba yule ni wake.

Honorine naye alikuja, amevaa nguo ya kanisani. Alimtafuta baba yake, akampata wa kwanza, mbele ya wote. Akamtazama weee.

"Kofia yake ilikuwa nyeusi," akasema.

"Ya kahawia," akasema Sylvain.

"Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na mmoja. Nyeusi."

"Ya kahawia, Honorine. Nyeusi alinunua baadaye."

"Haya," Honorine akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona akimshika mdogo wake mkono mbele za watu. "Koti umelipatia."

Zulia likatundikwa ukumbini. Bwana Peyronnet akawa yeye mwenyewe anawapeleka wageni kulitazama, na ile hotuba yake juu ya migongo tuliisikia mara nyingi hata watoto wakawa wanaiigiza. Watu wakaanza kuja kutoka Clermont, kutoka Bordeaux, kutoka Ubelgiji. Kisha, mwaka wa pili, wakaja wakuu wa jumba moja la maonyesho huko Paris, wakiwa na suti nzuri na maneno mazuri. Walitaka kulichukua zulia kwa majira yote ya machipuo, liwe katikati ya maonyesho yao makubwa, na jina la Mazeyrat mlangoni. Lile duka la picha la karibu na mto Seine nalo lilimtumia Sylvain salamu, likisema wakati wake umefika.

Mkutano ukaitishwa. Halmashauri ilikuwa tayari kukubali, na ungemlaumu nani? Bwana Peyronnet akasoma ombi, akasema ni heshima kwa mji, akauliza kama yupo mwenye la kusema. Mama Chabrol safari hii aliinuka. Akaegemea mkongojo.

"Wataondoka lini?" akauliza.

"Mwezi wa Machi, Mama Chabrol."

"Ndivyo nilivyodhani." Akawatazama wale mabwana wa Paris, kwa adabu kabisa, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. "Hawa wamekwisha kwenda Paris kila Machi ya maisha yao. Nyumba zenu mnazolala ni wao waliozijenga. Safari hii watakaa nyumbani. Anayetaka kuwaona aje yeye."

Nilimtazama Sylvain. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, na kitu alichokililia ujana wake wote kilikuwa kimekaa pale mezani mbele yake. Niliona masikio yake yakiwa mekundu. Aliinuka, akaenda kwa wale mabwana, akawapa mkono mmoja mmoja.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Mimi hapa ni mchoraji tu. Garimoshi lipo asubuhi na jioni, na dada yangu ana jibini nzuri."

Walikuja. Machipuo hayo walikuja wengi, garimoshi lililokuwa likishusha watu watatu likawa linashusha mabehewa mazima, na jibini ya Honorine ilikwisha kabla ya Pasaka. Sylvain aliishi nasi miaka kumi na minane zaidi, akachora mazulia mengine mengi, na baadhi yako huko Paris na ng'ambo ya bahari, yote yakiwa na majina yetu pindoni. Picha ya rangi ya mafuta hakuchora tena. Tulipomzika, wafumaji ndio tuliobeba jeneza, wanawake kwa wanaume, Adèle mbele upande wa kulia na mimi kushoto. Padri aliuliza kama tutaweza kupandisha kilima kile. Tulikipandisha bila kupumzika.